Mzee Maruge: Mkongwe aliyebisha hodi darasa la kwanza akiwa na miaka 84

MNAMO Januari 12, 2004, mwanafunzi mpya alisajiliwa katika darasa la kwanza la Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret. Alivaa sare kama wenzake: kaptura, sweta na soksi ndefu. Kilichomtenga nao ni umri. Wao walikuwa watoto wa miaka sita na saba. Yeye, Kimani Ng'ang'a Maruge, alikuwa na miaka 84.

Umri huo ulikuwa wa kukadiria kwa kuwa hakuwa na stakabadhi yoyote ya kuuthibitisha. Mwenyewe aliamini alizaliwa 1920, mwaka uleule nchi hii ilipofanywa rasmi koloni la Mwingereza. Utoto wake ulipita pasi na kukalia dawati, na katika miaka ya hamsini akajitosa katika vita vya Mau Mau. Kama wapiganaji wengi wa msituni, alitoka vitani maskini. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, ulimkuta hajui kusoma wala kuandika.

Miaka arobaini iliyofuata aliishi maisha ambayo magazeti hayaandiki. Alilea watoto, akafiwa na mkewe, akapata wajukuu 30 na hata vitukuu.

Kisha, Januari 2003, serikali ya NARC chini ya Rais Mwai Kibaki ikafuta karo katika shule za msingi. Zaidi ya watoto milioni moja ambao hawakuwa shuleni walifurika madarasani. Mkongwe huyu naye akaona kwamba bure ni bure, awe mtoto au awe shaibu.

Sababu zake mbili zilijulikana kote. Ya kwanza ni kuwa alitaka kujisomea Biblia, kwani hakuridhika kwamba wahubiri walikuwa wakimweleza yaliyomo jinsi yalivyoandikwa. Ya pili ilihusu fedha. Kulikuwa na tetesi kwamba wapiganaji wa Mau Mau wangelipwa fidia, na Maruge alitaka kuzihesabu mwenyewe asije akapunjwa. Mwalimu mkuu, Bi Jane Obinchu, alimpa nafasi. Wajukuu wake wawili walisoma katika shule hiyohiyo.

Wapo waliomwona mzaha tu, babu aliyerudia utoto. Hapa ndipo maisha yake yanapogusa jambo ambalo wakati huo halikuzungumzwa sana nchini, nalo ni afya ya ubongo wa mtu mzee.

Katika jamii zetu nyingi, mtu akifikisha miaka 80 huwekewa kiti uani aote jua. Akipotea njia ya kurudi nyumbani, akilisahau jina la mjukuu au akiuliza swali moja mara tano, watu husema ni uzee tu, basi. Madaktari hawakubaliani na kauli hiyo. Dimenshia ni maradhi ya ubongo yanayomnyang'anya mtu kumbukumbu, usemi na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Uzee huongeza hatari ya kuyapata, lakini si kila mzee huyapata, wala si sehemu ya lazima ya kuzeeka.

Maruge alikaa darasani akakariri herufi, akajifunza kujumlisha na kutoa, akapanda madarasa. Mwaka wa 2005 wanafunzi wenzake walimchagua kuwa kiranja mkuu. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuanza shule ya msingi. Septemba mwaka huohuo alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York wakati wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Malengo ya Milenia kutetea elimu ya msingi ya bure kwa watoto wa dunia nzima.

Isidhaniwe kwamba mtu mmoja ni ushahidi wa kisayansi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa baada ya kifo chake unaelekea kule alikokuwa akielekea yeye. Mwaka wa 2015, watafiti wa Finland wakiongozwa na Profesa Miia Kivipelto walitoa matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 1,260 wa umri wa miaka 60 hadi 77 ambao walikuwa katika hatari ya kupungukiwa na uwezo wa akili. Kwa miaka miwili, nusu yao walifanya mazoezi ya viungo, wakala vyakula bora, wakapewa mazoezi ya akili na kupimwa shinikizo la damu mara kwa mara. Hao walifanya vyema zaidi katika majaribio ya akili kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida.

Nayo tume ya wataalamu ya jarida la matibabu la Lancet ilisema mwaka wa 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwayo ni ukosefu wa elimu, kutofanya mazoezi, upweke, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, na kupoteza uwezo wa kusikia au kuona.

Elimu inayozungumziwa hapo hasa ni ile ya utotoni, ile aliyonyimwa Maruge. Hakuna aliyethibitisha kwamba kujifunza alfabeti ukiwa na miaka 84 kunafidia miaka yote hiyo. Lakini ukiutazama mwendo wa siku yake utaona mengi yaliyomo katika orodha hiyo: alitembea kwenda shule na kurudi, alizungumza na watu siku nzima, alikuwa na jambo la kukumbuka na mtu wa kumuuliza kama amelikumbuka.

Kuna suala jingine ambalo hunifanya nimfikirie kila ninaposoma habari za wazee na vipimo vya akili. Vipimo vingi vilivyobuniwa Ulaya na Marekani humtaka mtu aandike sentensi, achore maumbo au asome maagizo. Fikiria Maruge akipewa karatasi kama hiyo mwaka wa 2003, kabla hajawahi kuandika jina lake. Angeanguka. Na daktari mwenye haraka angeweza kuandika kwamba akili yake imechakaa.

Jirani zetu wa Tanzania walilikabili tatizo hilo. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, madaktari wa huko wakishirikiana na watafiti kutoka Uingereza waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013 yalionyesha kwamba, baada ya kuzingatia tofauti za umri, asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Kiwango hicho kiliukaribia ule wa nchi tajiri, na kilivunja dhana kwamba maradhi haya ni ya Wazungu.

Kikosi hicho kilichangia kubuni kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa siku ya wiki, hutajiwa maneno ya kukumbuka, huombwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kisha hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kimetumika Tanzania na Nigeria. Ni njia ya kumtofautisha mtu aliyenyimwa shule na mtu aliyepokonywa akili na ugonjwa.

Turudi Eldoret. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 hazikumsaza kwa kuwa alikuwa shujaa wa shule. Mali yake iliibwa, akajikuta katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Alifikiria kuacha masomo. Lakini akaendelea, akitoka kambini kila siku kwenda shuleni, umbali wa kilomita nne. Alikuwa anakaribia miaka 90.

Hali ilipomshinda aliletwa Nairobi, katika makao ya wazee ya Cheshire. Majuma machache kabla ya hapo, Mei 2008, kundi la watu katika eneo la Kisii lilikuwa limewateketeza wakongwe kadhaa wakiwa hai kwa tuhuma za uchawi. Mauaji ya aina hiyo yameripotiwa pia Kilifi kwa miaka mingi. Si kila aliyeuawa alikuwa mgonjwa, na nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi kuna tamaa ya shamba. Ila ajuza anayezungumza peke yake usiku, au anayekutwa katika boma la watu asijue amefikaje, ni rahisi kuitwa mchawi pale ambapo hakuna aliyewahi kusikia kuhusu dimenshia. Watafiti wa Kenya waliofanya kazi Makueni, katika mradi wa mataifa saba ulioanza mwaka wa 2018, walikuta imani kama hizo: wengine waliihusisha hali hiyo na uzee, wengine na kurogwa.

Ndiyo maana nakiona kisa cha Juni 10, 2008 kuwa kikubwa kuliko safari ya New York. Siku hiyo Maruge, akiwa amepoteza mali na kuhamishwa mji katika umri ambao mabadiliko humvuruga mtu, alijisajili tena. Aliingia darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, mtaani Kariobangi.

Ukitoka Membley, pale Ruiru, ukaifuata barabara ya Thika kuelekea jijini, ukifika Allsops ukakata kushoto, punde umefika Kariobangi. Ni mwendo mfupi, ingawa mitaa hiyo miwili hailingani kwa lolote. Katika mitaa kama Membley si ajabu kumkuta mzazi aliyeletwa kutoka mashambani ili atunzwe na mwanawe. Hukosi kumwona amekaa nyuma ya lango lililofungwa, ameshiba, amevaa vizuri, televisheni imewashwa, na hana wa kuzungumza naye mpaka jioni watu watoke kazini. Kule kijijini alikuwa na mbuzi wa kulisha, kanisa la kwenda kwa miguu na majirani wa kubishana nao. Anapoanza kusahau, familia hudhani ni hali ya hewa ya mji.

Makao ya Cheshire hayakuwa na starehe za Membley. Lakini Maruge aliamka akiwa na mahali pa kwenda.

Kuhusu matunzo, wale watafiti wa Hai walijaribu pia tiba isiyo na vidonge. Waliwakusanya wazee wenye dimenshia katika vikundi vidogo kwa vikao 14 vya mazungumzo, michezo na shughuli walizozifahamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kwamba uwezo wa akili na hali ya maisha ya wazee hao viliimarika. Hawakupona, maana dimenshia bado haina tiba ya kuiondoa. Ila vikao vya namna hiyo havihitaji mashine wala hospitali kubwa, na chumba cha kanisa au ukumbi wa chifu ungetosha. Tangu 2018 serikali yetu imekuwa na mpango wa kuwapa wazee waliosajiliwa, wenye miaka 70 na zaidi, Sh2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Fedha hizo ni za haki yao, lakini hazimletei mtu wa kumuuliza leo ni siku gani.

Mwili wa Maruge ndio uliotangulia kuchoka. Alipatwa na saratani ya tumbo, na siku za mwisho alisukumwa kwa kiti cha magurudumu. Mei 24, 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki la Holy Trinity, Kariobangi, akachukua jina la Stephen. Agosti 14, 2009 aliaga dunia katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, akazikwa katika shamba lake huko Subukia.

Hakuwahi kufanya mtihani wa KCPE. Fidia aliyojifunza hesabu kwa ajili yake pia haikumkuta. Ni mwezi wa Juni 2013 ambapo serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228 wa mateso ya enzi za Mau Mau. Wakati huo Maruge alikuwa kaburini karibu miaka minne.

Filamu kuhusu maisha yake, The First Grader, ilitoka mwaka wa 2010, Oliver Litondo akiigiza nafasi yake. Ina chumvi yake, kama ilivyo ada ya filamu, lakini iliwafikia wengi. Huko Ndalat, mkunga mkongwe kwa jina Priscilla Sitienei, maarufu kama Gogo, alivaa sare akaketi darasa moja na vitukuu vyake. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, akiwa angali mwanafunzi.