Büchi Atufunza Kupima Kabla ya Kununua

Kuuliza si ujinga. Swali lililonishikisha kalamu leo niliulizwa na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, mkaazi wa Kambi Muru, mtaani Kibera. Mjomba wake, ambaye ndiye humlipia karo, ana lori kuukuu la dizeli analobebea vitunguu na kabeji kutoka Naivasha. Lori hilo lilikuwa limeanza visa. Kila lilipopanda ukingo wa Bonde la Ufa likiwa limesheheni, injini ikizunguka polepole, turbo ilikohoa na kubweka, nguvu zikapotea kisha zikarudi.

Muuzaji mmoja wa vipuri alimwambia mjomba huyo kwamba dawa ni moja tu, nayo ni kununua turbo ambayo ganda la kompresa yake limechongwa mfereji wa kuzuia hewa isirudi nyuma. Bei yake ilikaribia karo ya muhula mzima. Kijana akanijia akitaka kujua iwapo turbo kweli inahitaji ganda la namna hiyo. Nakiri, msomaji mpenzi, ya kwamba mimi mwalimu wa fizikia sikuwa na jibu. Nililitafuta vitabuni, na huko nikakutana na maisha ya mtu ambaye kila mwalimu na mwanafunzi angefaa kumjua: Alfred Büchi.

Büchi alizaliwa mwaka 1879 katika mji wa Winterthur nchini Uswisi. Baba yake alikuwa mmoja wa wakuu wa kiwanda cha Sulzer mjini humo. Ajabu ni kwamba mwaka uo huo kijana mmoja wa Kijerumani alikuwa akijifunza kazi kwa mikono yake katika kiwanda hicho hicho. Kijana huyo ni Rudolf Diesel, ambaye baadaye aliunda injini iliyobeba jina lake. Mmoja angeiunda injini hiyo, na mwenziwe angekuja kuipa pumzi.

Büchi alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, akahitimu mwaka 1903, kisha akafanya kazi Ubelgiji na Uingereza. Jambo moja lilimkera. Karibu theluthi moja ya joto la mafuta yanayochomwa ndani ya injini hutoka na moshi na kupotea bure. Akawaza kwamba moshi huo ungeweza kufanyishwa kazi: uzungushe gurudumu la turbini, turbini izungushe kompresa kwa mhimili mmoja, nayo kompresa isukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Penye hewa zaidi huchomeka mafuta zaidi, na injini ile ile hutoa nguvu zaidi. Mnamo mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 26, wazo hilo likasajiliwa kwa jina lake nchini Ujerumani.

Lau hadithi ingeishia hapo, tungesema alikuwa na bahati. Lakini kutoka wazo hadi chombo palikuwa na miaka 20. Alirudi nyumbani akaingia Sulzer, akajaribu, na majaribio ya kwanza hayakuridhisha. Kompresa ilikuwapo, turbini ilikuwapo, injini ilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa mapatano baina yao. Büchi hakutafuta kompresa kubwa zaidi akadhani amemaliza. Alichunguza jinsi moshi unavyotoka kwa mapigo katika kila silinda, akayagawa mabomba ili pigo la silinda moja lisizuie la nyingine, akapanga upya nyakati za vali kufunguka na kufungika ili hewa safi iufagie moshi uliosalia.

Mwaka 1924 turbo ya kwanza ya kazi nzito ilitoka katika karakana za Brown Boveri mjini Baden, Uswisi, chini ya uangalizi wake. Mwaka 1925 alifunga turbo kwenye injini za dizeli za silinda 10, na nguvu zake zikapanda kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500. Injini hizo ziliendesha meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig. Büchi aliaga dunia mwaka 1959 akiwa na umri wa miaka 80. Hata hivyo, kazi yake ingali nasi. Vichwa vya treni vya General Electric vilivyoletwa Kenya tangu miaka ya 1970, ambavyo honi zake zilisikika Kibera vikielekea Kisumu, vilikuwa na turbo.

Sasa turudi kwa lori la mjomba. Kompresa husukuma vyema pale tu hewa ya kutosha inapopita ndani yake. Injini ikimeza hewa kidogo ilhali shinikizo mbele ya kompresa ni kubwa, hewa huteleza kwenye mapanga na kurudi ilikotoka. Shinikizo hushuka, mapanga huishika hewa tena, nayo hurudi tena, mara nyingi kwa sekunde. Ndicho kile kikohozi. Kikiendelea, huchosha mapanga na beringi za mhimili.

Mfereji uliochongwa katika ganda, karibu na mdomo wa mapanga, hupunguza tatizo hilo. Hewa inapokuwa chache, sehemu yake hutoka kwa mfereji na kurudishwa mwanzoni, hivyo mapanga hupitisha hewa nyingi kuliko ile inayomezwa na injini. Huu si uongo wa wachuuzi. Injini nyingi za malori makubwa hutoka kiwandani na ganda kama hilo, kwa kuwa zinatakiwa kuvuta mzigo katika mwendo wa chini na wa juu pia. Lakini halitolewi bure: hewa inayozungushwa mara mbili imekula nguvu mara mbili, na aghalabu mlio huongezeka.

Fauka ya hayo, sisi tunaishi juu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko la Mombasa. Ili kuipa injini kiasi kile kile cha hewa, kompresa hulazimika kuibana zaidi, na hapo huukaribia mpaka wa kukohoa. Kwa hiyo turbo iliyokaa kimya Mombasa yaweza kulalamika Limuru.

Jumamosi moja niliandamana na kijana hadi Kambi Muru. Tulisoma nambari iliyopigwa chapa kwenye turbo, tukailinganisha na kitabu cha injini. Kumbe ilikuwa ya injini kubwa zaidi! Fundi wa awali alikuwa ameifunga akidhani ukubwa ndio nguvu. Kichujio cha hewa nacho kilikuwa kimejaa vumbi, hivyo hata hewa haba iliyotakiwa haikupita. Mjomba alinunua kichujio kipya na turbo iliyotumika yenye nambari sahihi, isiyo na mfereji wowote. Lori lilipanda ukingo bila kukohoa, na karo ikalipwa.

Jibu langu kwa kijana, basi, ni hili. Turbo haihitaji ganda la kuzuia hewa kurudi kwa sababu tu ni turbo. Inahitaji kwanza kulingana na injini yake. Ikiwa imelingana, njia ya hewa i safi, na bado kazi yenyewe inaidai ibane sana katika mwendo wa chini, hapo ganda hilo ni msaada wa haki. Ikiwa haikulingana, ganda litaficha kosa, nalo kosa litaendelea kula mafuta na fedha.

Walimu wenzangu, tunawafundisha watoto kanuni za shinikizo ubaoni, kisha wanarudi nyumbani ambako kanuni hizo hizo zinaamua kama karo itapatikana. Tusione haya kuzifuata gereji. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba aliyevumbua chombo chenyewe hakuona aibu kupima kwa miaka 20. Haraka haraka haina baraka, na katika ufundi, baraka huanza na kusoma nambari iliyo mbele ya macho yako.