DIAN FOSSEY, MWANAMKE WA MLIMANI

 Kila mwaka kurasa hizi husheheni habari za mashujaa wa siasa na wa riadha. Mimi leo nimeonelea niwaletee shujaa wa aina nyingine: mwanamke aliyeishi mlimani, akagombana na watu wengi, na akafia huko huko.

Dian Fossey alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 huko San Francisco, Marekani. Hakuanza na wanyama wa pori. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia watoto walemavu hospitalini mjini Louisville. Mwaka 1963 alikopa pesa akafunga safari kuja Afrika. Huko Olduvai, Tanganyika, akakutana na Dkt. Louis Leakey, yule yule tunayemsoma katika somo la Historia, na hapo hapo akateguka kifundo cha mguu! Mwingine angerudi kwao. Yeye alichechemea hadi kwenye miteremko ya Mlima Mikeno, Kongo, akawaona gorila wa milimani kwa macho yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baadaye Leakey alimsaidia kupata fedha, na Januari 1967 akaanza utafiti huko Kongo.

Miezi sita tu ikapita, vurugu zikazuka na wanajeshi wakamwondoa mlimani. Basi akavuka mpaka. Tarehe 24 Septemba 1967 alipiga hema upande wa Rwanda, kati ya milima ya Karisimbi na Visoke. Aliyaunganisha majina hayo mawili, akapata Karisoke. Ni mahali pa baridi, ukungu na matope, mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Wenyeji walimwita Nyiramachabelli, yaani mwanamke anayeishi peke yake mlimani. Na nyinyi mnaokidharau Kiswahili, jueni kwamba ndicho alichotumia kuongea na wafanyakazi wake.

Ili gorila wamzoee, alitambaa kwa magoti, akajikuna na kutafuna majani kama wao. Mwaka 1970 dume mmoja aliyeitwa Peanuts alinyoosha mkono akamgusa. Ama kweli subira huvuta heri!

Lakini msitu wenyewe ulikuwa unaliwa pande zote. Mwaka 1969 karibu asilimia 40 ya mbuga ile ilikatwa ili watu wapewe mashamba ya pareto. Ndiyo, pareto hii hii ambayo Kenya yetu iliongoza duniani kwa kuikuza. Wanyama wakasukumwa juu zaidi, kwenye baridi. Baadaye bei ya pareto ikaanguka, na mashamba mengi yakageuzwa kuwa ya viazi; msitu haukurudi. Wafugaji nao waliingiza ng'ombe, na wawindaji haramu wakatega vitanzi vya kunasa pongo na paa, navyo vikanasa mikono na miguu ya gorila. Jamani, tukumbuke pia kwamba msitu wa mlimani hunyonya maji ya mvua na kuyaachilia polepole. Ukiukata, mito ya bondeni hulia.

Tarehe 31 Desemba 1977, gorila aliyempenda sana, Digit, aliuawa akiwakinga jamaa zake. Alikatwa kichwa na mikono. Tangu hapo Bi. Fossey alikuwa kama simba jike aliyejeruhiwa. Alianzisha mfuko wa fedha kwa jina la Digit, akavunja mitego, akakamata ng'ombe, na hata kuwatesa wawindaji aliowashika. Hapo mimi simuungi mkono. Mkulima asiye na shamba haponywi njaa kwa kiboko, na mlima haulindwi kwa kuwafanya majirani wake kuwa maadui.

Mwezi Desemba 1985 alikutwa ameuawa kwa panga ndani ya nyumba yake kule Karisoke. Alizikwa hapo hapo, kando ya Digit.

Je, alifia bure? La hasha. Hesabu ya mwaka 1981 ilionyesha gorila 250 hivi katika milima ya Virunga. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604. Walinzi wa doria wanastahili sifa, na watalii pia wamechangia, ingawa yeye aliwatilia shaka. Sehemu ya pesa zao hujenga shule na kuleta maji vijijini, hivyo jirani naye huona faida ya msitu.

Basi wenzangu, tuchukue ushupavu wake, tuache ukali wake. Kwetu pia kuna milima inayonyolewa miti kila kukicha. Anayetaka kuilinda aanze kwa kuongea na yule anayeishi chini yake.