Mtakatifu Basili, Askofu Mpokea Wageni

Basili alizaliwa karibu mwaka 330 huko Kaisaria ya Kapadokia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Jamaa zake walikuwa matajiri, naye alipata elimu ya juu mjini Athene; lakini baadaye aliwagawia maskini mali yake. Njaa kali ilipoingia karibu mwaka 369, yeye akiwa padre, aliwahimiza matajiri wafungue ghala zao, akawapakulia wenye njaa chakula kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 370 akawekwa kuwa Askofu. Nje ya mji akajenga makao ya wasafiri, wagonjwa na maskini. Wakoma, waliofukuzwa hata na ndugu zao, yeye aliwakumbatia.

Kaisari Valens, mfuasi wa uzushi wa Ario, akamtuma liwali wake Modestus amtishe Askofu: akikataa kutii, atanyang'anywa mali, atahamishwa, hata kuuawa. Basili hakutikisika. Angenyang'anywa nini, ila nguo chakavu na vitabu vichache?

Alifariki mwaka 379. Basi, wazazi na viongozi, tufikiri: aliyeng'ang'ania mali hutishika upesi, aliyekwisha kuwapa wageni wa Kristu huongoza bila hofu.