Chemirocha: Sauti iliyofika Kapkatet bila sura

Ukipanda matatu kutoka Kericho kwenda Sotik, utapita Litein na Kapkatet, majani chai yakikuzunguka pande zote. Mara nyingi dereva atakuwa ameweka muziki wa kantri. Watu hushangaa sisi na kantri tulijuana wapi. Manze, tumejuana kitambo, na jamaa wa kwanza tulimwita Chemirocha.

Jina lake halisi ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Meridian, jimbo la Mississippi, aliyezaliwa Septemba 8, 1897. Tamka jina hilo haraka kwa ulimi wa Kikipsigis, utaona Chemirocha ilitoka wapi. (Ndio, linakaribia majina ya kina Chepkemoi. Tuache hivyo.)

Mamake alifariki Jimmie akiwa mdogo. Babake alikuwa mfanyakazi wa reli, na kijana akamfuata huko, akawa mtu wa breki kwenye treni. Kisha 1924 akapatikana na kifua kikuu. Mapafu yakagoma, kazi ya reli ikaisha, akabaki na gita na ile sauti yake ya kuyodeli, inayopanda na kuvunjika ghafla kama ya kijana anayebalehe, ila yeye aliivunja kwa kupenda.

Agosti 4, 1927, mjini Bristol, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alimrekodi nyimbo mbili. Kabla mwaka kuisha alikuwa amerekodi Blue Yodel, na santuri hiyo ikamfanya staa.

Halafu sinema ikamwita. Filamu zenye sauti zilikuwa bado kitu kipya, na mwaka 1929 Columbia ikatoa The Singing Brakeman, ya dakika kumi hivi. Jimmie yuko kwenye mkahawa wa reli, amevaa nguo za kazi, anaongea kidogo na wanawake wawili, kisha anaimba nyimbo tatu. Tuseme ukweli, uigizaji wenyewe ni haba. Lakini hapo ndipo mimi hukwama. Alikuwa tajiri, angeweza kuvaa suti. Badala yake anaigiza ile kazi ambayo ugonjwa ulimpokonya. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na bado nina koti jeupe la maabara kwa sanduku. Sidhani ningeweza kulivaa mbele ya kamera nikitabasamu.

Filamu ya pili haikuja. Mei 1933 alienda New York kurekodi akiwa hoi, akilala kitandani kati ya wimbo na wimbo, ili familia ibaki na kitu. Alifariki Mei 26, akiwa na miaka 35, na treni ikamrudisha nyumbani Meridian. Mwaka uliofuata Gene Autry, aliyeanza kwa kuiga yodeli zake, aliingia kwenye filamu na akaja kuwa nyota mkubwa wa sinema za kauboi waimbaji. Kwa maoni yangu kile kiti kilikuwa cha Jimmie.

Huku kwetu santuri zake zilifika, zikachezwa kwa gramafoni. Ile filamu ya dakika kumi haikuwa sehemu ya hadithi. Sasa fikiria: una sauti inayotoka kwa sanduku, inaruka juu na kushuka kama kitu chenye kwato, na hujawahi kuona mwenyewe. Ungempa mwili gani? Hugh Tracey alipokuja kurekodi muziki wa Wakipsigis mwaka 1950, wasichana wa Kapkatet walimwimba Chemirocha kama nusu mtu, nusu swala, wakimhimiza acheze mpaka nguo zimvuke. Alikuwa amekufa miaka 17. Kwa hivyo msee aliigiza mara mbili, ila hili la pili hakulijua kamwe.

Mwaka 2015 rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet, wenyeji wakazisikiliza. Ile filamu nayo iko mtandaoni. Krismasi iliyopita nilimwonyesha kogo kwenye simu yangu. Aliitazama yote kimya, miwani ikiwa puani. Ilipoisha akaniambia nirudishe mwanzo, anataka kuangalia miguu vizuri.