Mchungaji Paul Gerhardt, Mtunzi wa Nyimbo (1607–1676)

Paul Gerhardt alizaliwa Gräfenhainichen, Ujerumani, tarehe 12 Machi 1607. Alifiwa na wazazi wake wote wawili angali kijana, na Vita ya Miaka 30 (1618–1648) ikaiharibu nchi yake. Hata hivyo mashairi yake yamejaa bustani, ndege, ngano inayokua na misitu inayopumzika jioni, mambo ayaonayo mtu atembeaye peke yake.

Walioyatia mashairi hayo vinywani mwa washarika ni walimu wawili wa muziki wa Kanisa la Mtakatifu Nikolai, Berlin. Johann Crüger aliuchapa wimbo wa jioni mwaka 1647, na ule wa kiangazi mwaka 1653. Ule wa jioni huimbwa kwa sauti ya kale ya Heinrich Isaac, iliyokuwa kwanza ya wimbo wa kuuaga mji wa Innsbruck. Crüger alipofariki mwaka 1662, nafasi yake ilishikwa na Johann Georg Ebeling, ambaye katika miaka ya 1666 na 1667 alizitolea nyimbo 120 za Gerhardt muziki mpya wa sauti nne.

Miaka hiyohiyo mtunzi alipoteza usharika wake. Mtawala Friedrich Wilhelm alikuwa amewakataza wachungaji kushutumu mafundisho ya Wareformed. Gerhardt, ingawa mimbarani alikuwa mpole, hakukubali kutia sahihi, akaondolewa mwaka 1666. Aliporuhusiwa kurudi, dhamiri ilimzuia. Mwaka 1668 mkewe, Anna Maria, alifariki. Katika watoto watano alibaki mwana mmoja, aliyekwenda naye Lübben mwaka 1669. Huko Gerhardt alihudumu hadi alipofariki tarehe 27 Mei 1676.