Mwalimu aliyefunzwa Japani na mkewe

Katika wageni walioifunza dunia mila na historia ya Japani, ni wachache waliosomwa kwa mapenzi makubwa kama Lafcadio Hearn. Ajabu ni kwamba mtu huyu, hata baada ya kukaa nchini humo miaka 14, hakupata kamwe kuyasoma maandishi ya Kijapani sawasawa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limepofuka, na la kulia lilikuwa na uoni hafifu mno. Aliyajuaje basi aliyoyajua? Nasadiki swali hili linawahusu hasa walimu wetu wa fasihi simulizi, pamoja na wanafunzi wanaotumwa vijijini kukusanya ngano kwa mabibi na mababu.

Hearn alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, ambacho leo ni sehemu ya Ugiriki. Mama yake, Rosa, alikuwa Mgiriki; baba yake alikuwa Muairishi, daktari katika jeshi la Uingereza. Mtoto alipelekwa Dublin angali mdogo sana. Ndoa ya wazazi ikavunjika, mama akarudi kwao, na mwanawe hakumwona tena. Alilelewa na bibi mmoja tajiri wa upande wa baba. Akiwa na miaka 16, katika michezo ya shuleni huko Uingereza, aliumia jicho likapofuka, na tangu hapo kila alipopigwa picha aligeuza uso upande ili kovu lisionekane. Mali ya yule bibi nayo ikapotea. Mwaka 1869 kijana huyo akatumwa Marekani, mjini Cincinnati, akiwa hana mbele wala nyuma.

Huko aliokolewa na kalamu. Akawa mwandishi wa magazeti, hodari wa habari za mauaji na za mitaa ya mafukara. Mwaka 1874 alimwoa Alethea Foley, mpishi, mwanamke Mweusi aliyezaliwa utumwani na aliyekuwa fundi wa kusimulia hadithi za mizuka. Sheria za jimbo la Ohio zilipiga marufuku ndoa kama hiyo, na mwaka uliofuata gazeti lake likamfukuza kazi. Ndoa haikudumu. Akahamia New Orleans, ambako kwa muda wa miaka kumi alikusanya methali na mapishi ya Wakrioli, kisha akaenda kisiwa cha Martinique kwa miaka miwili hivi. Ninayataja haya kwa sababu wengi humwanzia Hearn pale alipotia nanga Yokohama mnamo Aprili 1890, kana kwamba Japani ndiyo iliyompa masikio. Masikio alikwenda nayo.

Alifika kama mwandishi wa jarida moja la Marekani, lakini muda si muda akagombana nalo na kuvunja mkataba. Kwa msaada wa Basil Hall Chamberlain, mtaalamu Mwingereza wa lugha ya Kijapani, akapata kazi ya kufundisha Kiingereza katika mji wa Matsue, mkoa wa Shimane. Mji huo ulikuwa kando, mbali na shamrashamra za Tokyo, na desturi za kale zilikuwa bado hai. Alikaa huko kwa takriban miezi 15 tu, lakini humo ndimo alimopata yaliyojaza sehemu kubwa ya kitabu chake cha kwanza juu ya Japani, kilichotoka mwaka 1894. Rafiki yake mkubwa alikuwa mwalimu mwenzake, Nishida Sentaro, ambaye alimtafsiria na kumwongoza bila ya kuchoka.

Lakini mwalimu wake hasa alikuwa mwanamke. Koizumi Setsu alizaliwa Matsue mwaka 1868, mwaka ule ule ambao utawala wa mashoguni ulikwisha na enzi ya Meiji ikaanza. Jamaa zake walikuwa samurai. Katika utaratibu mpya samurai walipoteza posho zao, wakafukarika, na binti huyo akajikuta akifuma nguo ili kuwalisha wazee wake. Alisoma miaka michache tu ya shule. Mume wake wa kwanza alimtoroka. Mwaka 1891 aliingia nyumbani kwa Hearn ili kumtunza, na haukupita muda wakawa mume na mke.

Mume hakujua Kijapani, mke hakujua Kiingereza. Wakabuni lugha yao wenyewe, Kijapani kilichopunguzwa viungo vyake vya sarufi, ambacho hawakukielewa vyema ila wao wawili na baadaye watoto wao. Kwa lugha hiyo ya vipande vipande Setsu alimsimulia mumewe hadithi za kale. Alizitafuta katika vitabu vikuukuu, akazisoma peke yake kwanza; lakini ulipowadia wakati wa kusimulia, Hearn hakumruhusu kushika kitabu. Alitaka maneno yawe ya msimulizi mwenyewe na yatoke katika fikira zake. Kisha humuuliza: mtu huyu alitamkaje neno hili? Usiku ulikuwaje? Humrudisha nyuma mara nyingi hadi mwenyewe atosheke. Setsu alikuja kueleza kwamba walipokuwa wakiishughulikia hadithi ya Hoichi, kipofu mpiga ala ya biwa aliyenyofolewa masikio na mzuka, jioni moja alimwita mumewe kwa sauti ya chini kutoka chumba cha pili kwa jina la Hoichi, naye akajibu kutoka gizani kama kipofu yule, akiuliza ni nani amwitaye.

Kwa maoni yangu, somo hilo halipatikani katika vitabu vyetu vingi vya kiada. Tunawafundisha vijana kuiandika ngano kama karani aandikavyo orodha: jina la msimulizi, umri, kijiji, basi. Hearn aliingia ndani ya ngano.

Mwaka 1896 alichukua uraia wa Japani na jina la Koizumi Yakumo. Haukuwa ushabiki mtupu. Kwa sheria za wakati huo, Mjapani aliyeolewa rasmi na mgeni alipoteza uraia wake, na Hearn, ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa Kumamoto mwaka 1893, alihofia urithi wa familia. Mwaka huo huo aliitwa kufundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Alizungumza polepole ili wanafunzi waandike kila neno, na daftari zao ndizo zilizochapishwa kuwa vitabu baada ya kifo chake. Mwaka 1903 chuo kilimwachisha. Wanafunzi walilalamika, wapi! Miongoni mwa waliochukua nafasi yake alikuwa Natsume Soseki, aliyekuja kuwa mmoja wa waandishi wakuu wa riwaya wa nchi hiyo. Hearn alipata kazi katika Chuo cha Waseda mwaka 1904, lakini moyo wake ulikuwa umechoka. Alifariki dunia tarehe 26 Septemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 54, miezi michache baada ya kuchapishwa kwa Kwaidan, mkusanyo wake mashuhuri wa hadithi za mizuka.

Wako wanaomshutumu kuwa aliipamba Japani ya kale na kuichukia ya viwanda. Shutuma hiyo ina ukweli. Hata hivyo, itazameni hadithi moja. Mwezi Juni 1896 tsunami iliua watu wapatao 22,000 katika pwani ya Sanriku. Hearn akaandika kisa cha Hamaguchi, mzee aliyekaa mlimani, ambaye alipoona bahari ikirudi nyuma aliyatia moto mavuno yake yote ya mpunga ili wanakijiji wapande mbio kuja kuuzima, na hivyo wakaokoka. Hamaguchi wa kweli, Goryo, hakuwa mzee. Mwaka 1854 alikuwa na miaka 34 tu. Wala moto wake haukutangulia wimbi. Aliwasha marundo ya mpunga usiku, mawimbi yakiwa yamekwisha kuanza, ili waliokuwa wakihangaika gizani waione njia. Baadaye alijenga ukuta wa udongo kuulinda mji.

Mwanahistoria atakunja uso, na ana haki. Lakini mwalimu mmoja wa shule ya msingi wa mkoa ule ule wa Wakayama, Nakai Tsunezo, alikichukua kisa cha Hearn na kukiandika upya kwa ajili ya watoto, na kuanzia mwaka 1937 hadi 1947 kikasomwa katika kitabu cha shule nchini Japani kote. Mtoto aliyekisoma alijua kwamba bahari ikijivuta ghafla, dawa ni kukimbilia mlimani. Sisi ambao pwani yetu ilifikiwa na mawimbi ya tarehe 26 Desemba 2004 tunaweza kukadiria thamani ya ujuzi huo. Mimi ningeifundisha hadithi na historia yake pamoja, kwa siku moja, na kuwaachia wanafunzi wabishane.

Jambo ambalo ningemdai Hearn ni jingine. Kwenye jalada la Kwaidan liko jina moja tu, na msomaji aweza kukimaliza kitabu kizima pasi na kujua kwamba alikuwapo mwanamke aliyezitafuta hadithi zile, akazisoma na kuzisimulia usiku baada ya usiku. Setsu mwenyewe alitoa kumbukumbu zake mwaka 1914, ambazo bila hizo tusingejua mengi juu ya jinsi kazi hiyo ilivyofanyika. Alifariki mwaka 1932, akazikwa karibu na mumewe katika makaburi ya Zoshigaya, Tokyo. Ilipofika mwaka 2025, shirika la utangazaji la umma la Japani lilianza kuonyesha kila asubuhi mchezo wa televisheni ambao mhusika wake mkuu amechorwa kwa mfano wa maisha ya Setsu, si ya mumewe.