Fuller: Mliberia aliyeuchunguza ugonjwa wa kusahau

Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872, mjukuu wa mtumwa aliyejinunulia uhuru Marekani. Akiwa na miaka 17 alikwenda nchi hiyohiyo kusaka elimu, na mwaka 1897 akahitimu udaktari mjini Boston.

Mwaka 1904 alikwenda Munich, Ujerumani, kwenye maabara ya Alois Alzheimer, daktari ambaye baadaye ugonjwa unaowapokonya wazee kumbukumbu uliitwa kwa jina lake. Zama hizo ubongo ulisubiri kifo cha mgonjwa ndipo ukatwe vipande vyembamba, utiwe rangi na kutazamwa kwa darubini. Fuller aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika hospitali ya Westborough, Massachusetts.

Chuo Kikuu cha Boston, alikofundisha, kilimlipa kidogo kuliko Wazungu. Mwaka 1933 Mzungu asiyemfikia kwa uzoefu alipandishwa cheo juu yake, akaondoka. Kisukari kikampofusha, naye akaendelea kutibu wagonjwa. Alifariki mwaka 1953.

Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu kinachosaidia kuutambua ugonjwa huo mgonjwa angali hai, ingawa ni kwa wenye miaka 55 au zaidi ambao tayari wana dalili.